Mwezi Uliandama, Naye Yupo

Siku yangu ya kwanza kazini Metroni alinikatisha kucha mbele yake. Nilikuwa nimevaa gauni jipya la uuguzi lililotiwa wanga hadi likataka kusimama lenyewe, nami nikajiona mtu. "Wewe binti wa Temeke," alisema, "hapa mgonjwa haambiwi ugonjwa wake. Wanaambiwa jamaa zake. Ukiropoka, utarudi kwenu kuuza mihogo." Nchi ilikuwa changa, tukivaa kofia zile watu walitugeukia njiani, na mimi sikutaka kurudi kwenye mihogo.

Ninyi wauguzi wa leo mna mashine za kupiga picha tumbo. Sisi tulikuwa na vidole. Mgonjwa hulala chali, huvuta pumzi, na daktari humpapasa chini ya mbavu za kulia. Ini zima hujificha huko juu, lakini lenye maradhi hushuka na kugusika, gumu, lina manundu. Saratani ya ini tuliyoizoea haikuwa na subira. Ilimmaliza kijana mwenye misuli kabla mkewe hajaizoea njia ya hospitali. Kwa hiyo daktari akishagusa manundu, alikuwa ameshajua la kusema.

Mzee Salimu alikuwa Mwarabu wa hapahapa Temeke, mwenye duka mtaa wa pili kutoka kwetu. Uso wake ulikuwa ukiiva ghafla, mwekundu hadi shingoni, hasa akishakula, na tumbo likimwendesha. Mtaani walishaamua kwamba mzee anakunywa kwa siri. Msikitini wengine walimpa salamu ya nusu mdomo, na hilo lilimuumiza kuliko tumbo. Akalazwa wodini kwangu, akapasuliwa, wakakuta uvimbe mdogo kwenye utumbo na ini limejaa vinundu. Daktari wa wodi, mtu mwema aliyeelemewa na kazi, akawaita jamaa kwenye korido. Nilikuwa nimesimama pale na trei ya sindano.

"Kwa ini lile," alisema, "Ramadhani haitamkuta."

Mdogo wake mzee, ambaye wote tulimwita Ami, alimsogelea. "Sasa tufanyeje, Ndugu Daktari?"

"Kama kuna jambo angependa kuliona, alione sasa."

Jambo lenyewe lilikuwa ndoa ya Salha, binti pekee wa mzee, aliyekuwa chuo cha ualimu, wa kwanza kwao kutaka kushika chaki. Ami akaenda kumtoa chuoni, akamwoza kwa mwanawe. Mzee aliambiwa binti kayachoka masomo mwenyewe. Salha alikuja wodini na hina mikononi, akasimama kando ya kitanda.

"Umependa mwenyewe, mwanangu?"

"Nimependa, baba."

Mzee akacheka kwa furaha. Salha alinitazama mimi, nami nikainamia kipimajoto.

Ramadhani ikaingia. Mwezi uliandama, naye Mzee Salimu yupo, kasimama nyuma ya meza ya duka akigombana na watu wa foleni ya sukari. Ikaja nyingine, na nyingine. Nilikuwa nimehamishiwa kliniki ya Daktari Bingwa, mtu mkali asiyependa maneno mengi. Mzee alipoletwa kwake, Bingwa alitaka mkojo wa siku nzima, ukusanywe kwenye chupa yenye tindikali, na akapiga marufuku ndizi.

"Hata mbivu?" mzee akauliza.

"Hata mbivu. Ndizi inaudanganya mkojo."

Majibu yalipotoka, Bingwa alituita wauguzi. Ule ulikuwa uvimbe wa aina yake, karsinoidi, unaomwaga kemikali mwilini. Ndizo zilizouivisha uso, wala si pombe. Habari hiyo nilihakikisha inafika msikitini kabla ya mzee mwenyewe. "Ini kujaa si hukumu," Bingwa alisema. "Ulizeni ni uvimbe gani, na unakwenda kwa mwendo gani. Tazameni uzito, miguu kama inavimba, moyo kama una mvumo. Huyu anaweza kuishi miaka, na mimi sijui mingapi. Mkiulizwa, semeni hamjui."

Lakini Salha alikuwa ameshaolewa. Mumewe hakutaka mke wa chuo, halafu hakutaka mke kabisa, akamwacha. Salha akawa anakaanga maandazi Vingunguti, karibu na machinjio. Nilisikia uchungu kila nilipopita pale, na bado nausikia.

Mwisho miguu ya mzee ikavimba, moyo ukavuma, akarudi wodini. Salha alikuja ananuka mafuta. Baba akamwuliza, "Hivi chuo uliachia nini, mwanangu?"

Salha alishindwa kuendelea kudanganya. "Walisema hutauona mwezi, baba."

Uso ukamwiva mzee, na mara hiyo sikujua kama ni ugonjwa.

"Mngeniuliza mie," alisema. "Ningesema mwacheni asome, nitamngoja."

Na angeweza kumngoja. Alikuwa ameishi miaka ya kutosha kumwona anamaliza chuo na kufundisha, hata kuletewa madaftari ya wanafunzi ayatazame kitandani, kama wangemwacha asome. Tulimzika wiki ileile.

Nimestaafu, magoti yamegoma. Wauguzi vijana huja kunisalimia, "Shikamoo bibi," kisha huniuliza mgonjwa fulani ana muda gani. Nawaambia sijui, na kwamba wamwulize mwenyewe anataka kuutumiaje. Salha naye yupo kwenye karai lake. Watoto wa shule hawapewi andazi mpaka wajibu swali la jedwali la kuzidisha. Mtoto akikwama, foleni ikianza kunung'unika, yeye huweka mwiko chini.

"Fikiri tu, mwanangu," humwambia. "Nakungoja."