Bi Jalada na Faili la Mabomba

Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, baba mmoja, ana miaka hamsini na minane, na ishirini na saba kati ya hiyo ameimaliza katika chumba kimoja cha ofisi ya maji. Chumba kinaitwa masjala. Humo ndimo yanamokaa mafaili yote: ya wafanyakazi, ya malalamiko ya wateja, ya michoro. Wenzake humwita Bi Jalada, na jina limemganda hata mumewe analitumia.

Alizaliwa hivyo. Nyumbani kwetu yeye ndiye aliyejua shati la nani liko wapi. Mimi, niliyeweza kupoteza kiatu nikiwa nimekivaa, nilikuwa mteja wake wa kwanza.

Masjala ina sheria moja. Ukitoa faili, unaacha mahali pake kadi nyekundu yenye jina lako, tarehe na saini. Uwe mkubwa, uwe mdogo, kadi. Mhasibu mmoja alijitetea kwamba analipeleka hapo mlangoni tu, dakika mbili. Akajibiwa kwamba na kadi yake itakaa dakika mbili, haitazeeka.

Mwaka huu zikaja kompyuta. Karatasi zote zikaskaniwa kwa pupa, kisha Mkurugenzi akatangaza: Ijumaa lori litabeba makaratasi yakasagwe, masjala igeuzwe chumba cha mikutano, na Bi Jalada ahamie getini, aandike namba za magari ya wageni.

Alikuja kwangu kunieleza. Hakulia. Alipanga vijiko vyangu kwa urefu, ndipo nikajua moto unawaka. Alisema hana ugomvi na kompyuta, hata anaipenda, haina vumbi. Kinachomuuma ni kwamba hakuna aliyemuuliza karatasi gani iitweje.

"Kaka, ni kama kuzaa watoto elfu sita na usimpe hata mmoja jina."

Alhamisi nikaenda kumsaidia kufungasha, maana mimi nimestaafu, na kustaafu ni kutafuta pa kukaa. Saa nne asubuhi hiyo bomba kubwa likapasuka uani kwa ofisi. Ofisi ya maji kupasukiwa na bomba ni sawa na kinyozi kukutwa na nywele timtim. Maji yaliruka juu kuliko paa, yakarudi chini, yakaingia ukumbini bila kubisha hodi. Kulikuwa na foleni ya wateja waliokuja kulalamika kwamba kwao hakutoki tone. Mama mmoja mwenye ndoo aliyatazama kidogo, akakinga ndoo yake, na malalamiko yake yakaishia hapo.

Mafundi walikimbia huku na huku wakitafuta koki kuu ya kuyafunga. Waliojua ilipo walishastaafu, na uani kumetandikwa matofali. Ikabidi utafutwe mchoro. Fundi wa kompyuta, kijana mpole mwenye miwani, akafungua mashine yake. Faili la kwanza liliitwa Skani 1. La pili, Skani 2. Ikaendelea hivyo mpaka Skani 6,412. Akaanza kufungua moja moja. Skani 1, likizo ya mpishi. Skani 2, barua ya mlinzi kuomba tochi. Skani 3, barua ileile ya tochi, kichwa chini miguu juu. Maji yalimfika kwenye vifundo, akapandisha miguu kitini na kuendelea.

Bi Jalada akaenda kwenye rafu ya tatu, mkono ukaingia bila macho kutazama. Ukatoka na kadi nyekundu. Aliyeazima faili la michoro alikuwa Fundi Mkuu wa Mabomba, miaka kumi na moja iliyopita, ambaye siku hizi ndiye Mkurugenzi. Mdogo wangu akavua viatu, akakusanya sketi, akapanda ngazi. Mimi nyuma.

"Bwana Mkurugenzi, nimefuata faili la michoro."

"Hilo nilirudisha zamani, mama."

"Ungelirudisha, hii kadi ungekuwa nayo wewe."

Akaipokea, akaisoma, akatazama saini yake kama mtu aliyekutana na ndugu asiyempenda. Kisha akainama taratibu, akachungulia chini ya meza. Ilikuwa meza aliyopanda nayo vyeo vyote, yenye mguu mmoja mfupi. Chini ya mguu huo, limekunjwa mara mbili, lilikuwapo faili. Tulipolivuta, meza ikainama, chupa ya chai ikateleza polepole hadi mapajani mwake, na hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa sisi sote.

Mchoro ulionyesha koki kuu iko pale anapoegesha gari lake. Dereva alikuwa amekwenda kunyoa, ufunguo mfukoni, breki ya mkono juu. Basi tukalinyanyua gari upande upande kama kabati, watu kumi na wawili: mafundi, mhasibu, mama wa ndoo, na Mkurugenzi mwenyewe, suruali imekunjwa magotini, akihesabu moja, mbili. Matofali yakang'olewa, koki ikazungushwa, na maji yakashuka kimyakimya kama aliyekaripiwa mbele za watu.

Mkurugenzi akaketi ngazini, anakamua soksi.

"Bi Jalada, lori la kesho nilizuie?"

"Lije tu. Nina vya kulipakia."

Akamwonyesha daftari. Kwa miaka tisa alikuwa akiandika vinavyostahili kutupwa: nakala arobaini za tangazo moja, vitabu vya mashine zilizokwisha kuuzwa, mahudhurio ya watu ambao sasa ni mababu. Akasema anayeweka kila kitu hajaweka kitu. Vilivyobaki vikae masjala, kila kimoja kipewe jina kwenye kompyuta, na fundi wa kompyuta ahamishie meza yake humo. Getini watafute mwingine. Mkurugenzi akakubali yote, soksi mkononi.

Ijumaa lori likaondoka limejaa nusu, na wawili hao wakaanza na Skani 1. Kufika adhuhuri walikuwa wamezipa majina arobaini tu, maana barua ya tochi iliwagombanisha: huyu anasema ni ya ulinzi, huyu anasema ni ya vifaa, na wote wawili macho yanang'aa. Nikaomba nami nisaidie. Mdogo wangu akanitazama, akaniambia nisimame kwanza, nimekalia malalamiko ya mwaka mzima.