Almasi Haikupikwa

Habari ilinikuta kwa kinyozi, mtaani Kanyenye: yule mwalimu mstaafu wa kemia wa mtaa wa Chemchem amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamjua kwa jina nililombandika mimi mwenyewe katika safu hii, Mpika Almasi. Leo naona haya kulitaja.

Ujanani alifanya kazi ughaibuni, katika maabara iliyotengeneza almasi kwa gesi. Nilipokwenda kumhoji aliagiza barafu, akachukua kipande cha almasi cha kijivu, chembamba kama ukucha, akakibana kwa vidole viwili na kukigusisha kwenye barafu hiyo. Kikazama. Joto la vidole vyake lilikuwa limepita humo na kuyeyusha barafu, maana almasi hupitisha joto kuliko chuma. Akanieleza kwamba katika kuitengeneza, gesi ya methani, yenye kaboni, huwekwa kidogo mno. Gesi inayobaki karibu yote ni haidrojeni. Nguvu ya umeme huzivunjavunja gesi hizo mpaka zinang'aa, na kaboni hujipanga juu ya kibao, tabaka kwa tabaka. Sehemu yake hutaka kuwa masizi, lakini haidrojeni huyala masizi na kuiacha almasi. "Ukizidisha methani kwa haraka zako, mwanangu, unavuna masizi," alisema. Nilipoaga, akanishika mkono: "Uandike kuotesha. Usiandike kupika, nakuomba."

Nikaandika kupika. Lilikuwa neno tamu, na mimi kwa maneno matamu sijiwezi. Nilijua fika kwamba kwetu kilichopikwa, iwe hesabu au habari, ni cha uongo. "Almasi inachimbwa Shinyanga, huyu anapika? Tapeli!" walisema wazazi, wakawaondoa watoto kwenye masomo yake ya jioni, kazi pekee iliyokuwa ikimpa furaha uzeeni. Mabenchi yakabaki matupu. Siku moja nikakutana naye sokoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Utasahihisha lini?"

"Wiki ijayo, mwalimu."

Wiki iliyofuata nikaandika bei ya tumbaku, nyingine asali, nyingine mvua. Hakuniuliza tena, nami nikaanza kupita njia nyingine.

Jana makaburini mtu aliyesimama nyuma yangu alinong'ona, "Si ndiye yule mpika almasi?" Nikageuka nimjibu, dua ikaanza. Maji yakimwagika hayazoleki. Sisi wa kalamu tunamimina maneno kwa wingi na haraka, na sahihisho, ile haidrojeni ya kuondoa masizi, tunaliahirisha mpaka mwenyewe yuko udongoni. Nasahihisha sasa, mwalimu, nikiwa nimechelewa: almasi uliiotesha. Masizi ni yangu.