Sitoi kwa Kushoto

Tiling'! Halafu ling'i-ling'i-ling'i juu ya kokoto, mpaka kisimame chenyewe. Hiyo ndiyo sauti ya kijiti chetu cha mbio za kupokezana kikianguka. Shule zenye bahati zilikuwa na vijiti vya mbao. Chetu sisi wa Koboko kilikuwa kipande cha bomba kilichokatwa kwenye mguu wa kiti cha chuma, kimoja cha viti tulivyovikuta vimevunjwa tuliporudi kutoka ukimbizini Sudan. Kikianguka kinalia kama kengele, na kiwanja kizima kinageuka kutazama ni nani.

Ilikuwa sisi. Kila mara mimi na yule wa tatu.

Tulikuwa wasichana wanne. Wa kwanza kukimbia alikuwa na hasira za karibu. Ukimwambia tu "Jiandae," anakutazama kama umemtukana mama yake, na hiyo hasira ndiyo iliyomtoa kwenye mstari kama risasi. Wa mwisho alipenda kutazamwa. Akiwa na watu pembeni anakimbia, akiwa peke yake anatembea. Mimi nilikuwa wa pili, na mimi nilikuwa mdomo. Baba alikuwa na redio, nami nilisikia mipira yote iliyotangazwa humo, kwa hiyo nilipokimbia nilijitangaza mwenyewe: "Anakuja, anakuja binti wa Koboko, Kampala yote imesimama!" Nilikuwa naamini kabisa kwamba siku moja Kampala itasimama. Bado sijaacha kuamini.

Wa tatu ndiye aliyekuwa wa kupewa kijiti na mimi. Binti wa mkulima wa kijiji cha Dranya, mwembamba, haongei. Ukimuuliza jambo anafikiri kwanza, na wewe unasahau ulichouliza. Lakini alikuwa na masikio. Darasani alijua ni mwalimu gani anakuja kwa kusikia viatu tu, akatuambia "Nyamaza" kabla mlango haujafunguliwa.

Mwalimu wa michezo alikuwa kijana kutoka upande mwingine wa nchi, amesomea kazi hiyo chuoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za askari. Alitufundisha vizuri, sitamnyima hilo. Alichora mchangani: wa kwanza anabeba kwa mkono wa kuume, wa pili anapokea kwa kushoto na kutoa kwa kushoto, wa tatu anapokea kwa kuume, wa mwisho anapokea kwa kushoto. Hivyo mikono inapishana, miguu haigongani, hakuna anayepunguza mwendo. Kwenye mchanga ilipendeza sana.

Lakini sisi hatukuwa wa mchangani. Mimi nililelewa na bibi, habuba wangu, ambaye akikuona unampa mtu hata kiberiti kwa mkono wa kushoto anakupiga vidole. "Kushoto iko ya choo," alisema. "Mutu akikupa na kushoto, yeye anakuambia wewe ni choo." Na kwao yule wa Dranya ilikuwa vile vile. Sisi msikitini, wao kanisani, lakini mkono ulikuwa na sheria moja. Tena kulikuwa na jambo lingine baina yetu ambalo hatukulisema. Baba yangu alikuwa askari wa serikali ya zamani, ile iliyoangushwa. Vita vilipokuja, watu kama wale wa kwao walichomewa nyumba na jeshi jipya kwa sababu ya askari kama baba yangu, nao hawakuwahi kuvaa hata kofia ya jeshi. Sasa mimi, binti wa askari, nimpe yeye kitu kwa mkono wa choo mbele ya shule nzima?

Nikawa napokea kwa kushoto nikiuma midomo, halafu nahamisha kijiti kwenda kuume huku nakimbia. Hapo ndipo kilipoanguka. Tiling'.

"Wewe! Kichwa yako iko wapi?" Mwalimu alipiga kelele. "Nasema usihamishe!"

"Mwalimu, mimi hapana toa na kushoto."

"Hii ni chakula? Hii ni chuma! Chuma hapana jua heshima!"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana nilikuwa mtu wa kucheka. Basi nikamtii. Siku iliyofuata nilipokea kwa kushoto na nikatoa kwa kushoto, nimefumba jicho moja kwa aibu. Nikakiweka sawasawa kwenye kiganja chake. Na kiganja chake kikajifunga. Hakukipokea. Sio kwamba alikataa kwa kichwa, alikuwa anakimbia vizuri, anatazama mbele. Mkono wenyewe ulikataa, kama jicho linavyofumba likirushiwa vumbi.

Tiling'.

"Pole," aliniambia tukikiokota. "Mimi nataka. Mkono hapana taka."

Mwalimu hakuona mkono. Aliona msichana mzito. Alitusimamisha mstarini akatueleza kwamba michezo ni ya watu wa moto. "Mbio inataka simba. Huyu ni kondoo. Haongei, hapana kasirika, hapana lia hata. Mutu kama huyu akae nyumbani apalilie simsim. Arua tunaenda na yule murefu wa darasa la saba." Hapo alikuwa anazungumzia mashindano ya wilaya mjini Arua, ambayo yalikuwa yanakaribia. Yule wa Dranya alirudi nyuma ya mstari, akaanza kufungua ile kamba ya katani aliyofungia sketi yake isimsumbue akikimbia. Aliifungua taratibu, fundo kwa fundo.

Nawaambia, ile kamba ilinimaliza.

Kuna watu wanaosema timu ni kukusanya wenye mbio. Ni uongo, na nitasema hivyo mbele ya mtu yeyote. Mimi kwa mbio peke yake nilikuwa wa kawaida. Lakini nikikimbia kwenda kwa mtu ninayemjua, miguu inapata akili. Yule mrefu sikumjua. Alikuwa na miguu mizuri, na alikuwa hana kosa.

Basi siku ya kwanza ya yule mrefu, nilipokea kijiti, nikaja mbio, nikamkuta amenyoosha mkono wake mzuri. Nikampita.

"We! Nipe!" akasema.

Sikumpa. Nilikata kona yote ile, ya kwake, nikijitangaza kwa sauti: "Anapita! Jamani anapita! Hana breki!" Yule wa mwisho aliponiona nakuja mimi badala ya mrefu, alicheka hadi akakaa chini. Mwalimu alinifukuza na filimbi mdomoni, kila akipumua filimbi inalia. Nilifika nikiwa sina pumzi hata ya kujitetea.

"Kwa nini?" akauliza. "Sema, kwa nini?"

"Mimi najua kumpa mutu moja tu, Mwalimu."

"Na huyo mutu hapana jua kupokea!"

Yule mwenye hasira, wa kwanza, alitupa kiatu chake chini. Mpaka leo sijui alikasirika kwa ajili yetu au kwa sababu ya jua. Alisema, "Basi na mimi sikimbii." Na wa mwisho, bado amekaa chini: "Mimi nipeni hata na mguu, bora nimalize mimi. Lakini nataka yule anyamazaye. Huyu murefu atataka kutazamwa."

Tulifyeka majani ya uwanja wote kama adhabu. Tukiwa tumeinama, mwalimu akaja, akasimama, akatema mate pembeni. "Sawa. Nyinyi nne mujue wenyewe. Lakini mukiangusha Arua, musirudi kwangu. Na ikianguka, yule kondoo hatakimbia tena hapa, mpaka atoke shuleni."

Tulimwita mwenzetu, akafunga tena kamba yake. Tukafanya kwa njia yetu: kuume kwa kuume, wote wanne. Shida ya njia hiyo ni kwamba anayetoa anakuja nyuma kabisa ya anayepokea, na asipoangalia anamkanyaga kisigino. Mara ya kwanza nilimvua mwenzangu kandambili. Kwa hiyo ikabidi mikono yote miwili inyooke mpaka mwisho, na wakati uwe wake hasa. Nani atajua wakati? Yule wa tatu alisema neno refu kuliko yote niliyowahi kumsikia: "Wewe ongea tu kama redio. Mimi nitasikia uko wapi."

Na alisikia! Hakugeuka hata mara moja. Nilikuja napayuka ujinga wangu, na yeye, kwa mlio wa mdomo na nyayo zangu, alijua nimebakiza kiasi gani. Aliondoka kabla sijafika, mkono ukarudi nyuma, kuume, wazi, nami nikaweka. Mwalimu alikuwa amegawa watu kuwa simba na kondoo. Hakuwa na jina la mdomo, wala la sikio.

Tulikwenda Arua juu ya lori la wafanyabiashara, tumekalia magunia ya mihogo, tukiimba. Uwanja wa huko ulikuwa na mistari ya majivu, na shule za mjini zilikuwa na raba miguuni. Wakatucheka. "Koboko wameleta bomba! Wanakuja kutengeneza choo?"

"Ndiyo," nikawajibu, "tumesikia cha kwenu kimeziba."

Yule wa kwanza alitoka na hasira zake. Nilipokea. Kelele zilikuwa nyingi mno, nikaogopa mwenzangu hatanisikia, nikapayuka mpaka koo likaniwasha: "Anakuja binti wa Koboko! Anakuja kwa dada yake!" Neno dada lilitoka lenyewe, sikulipanga. Mgongo wake ukaanza kuondoka mbele yangu. Mkono ukaja. Nikaweka. Sikusikia chuma kikilia popote.

Tulikuwa wa pili. Wasichana wa mjini walitutangulia kwa kifua.

Mwalimu alikuja, mikono kiunoni. "Na kushoto mungekuwa wa kwanza."

Pengine. Yeye alisoma, mimi niliishia la saba, na saa ya mkononi ilikuwa yake. Lakini sikukubali siku ile na sikubali leo. Kwa kushoto tusingekuwa wa kwanza, maana kwa kushoto tusingekuwa sisi.

"Lakini hapana anguka, Mwalimu," alisema yule wa Dranya. Mwalimu akamtazama kana kwamba gogo limesalimia.

Nilidhani mambo yameisha. Muhula uliofuata, asubuhi ya mstari wa shule, mwalimu alisimama mbele akatangaza timu mpya. Yule mwenye hasira alikuwa amemaliza shule. Yule wa Dranya hakuwepo. Ilikuwa palizi na nyumbani kwao walimhitaji kwa siku chache. Mwalimu akatabasamu, akanitazama mimi, akasema mwaka huu tutakimbia kama watu waliosoma. "Anayetaka timu, anyooshe mukono ya kushoto!"

Shule nzima ilicheka, na mikono ya kushoto ikapanda kama mahindi. Yule wa mwisho wetu alinyoosha wa kwake huku akicheka, na simlaumu, alipenda kutazamwa. Mimi nilitaka timu kuliko wote pale. Nilinyoosha wa kuume.

Aliniona. Akageuka akaanza kuchagua upande mwingine. Sikuushusha. Alichagua taratibu sana, mpaka bega likaanza kuniuma, nikaushikilia kiwikoni kwa mkono wa kushoto, nikauacha juu.