Shangazi Aliutoa Wapi Udongo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilitoa ushahidi katika shauri la uchawi, na mtu akapoteza shamba lake. Baadaye nilisomea sheria, nikasikiliza mashahidi waongo, wasahaulifu na waliofundishwa la kusema. Wengi wao huwa najizuia kuwadharau, kwa kuwa nakumbuka shahidi mmoja aliyekuwa mbaya kuliko wao.

Mshtakiwa alikuwa Shangazi Elina, dada pekee wa baba yangu. Ndoa yake ilipovunjika alirudi nyumbani, kwenye mteremko wetu upande wa Mlola, ambako mtu akiangusha kiazi juu hukiokota bondeni. Baba Mkubwa alikuwa na shamba la juu, baba yangu la katikati. Kwa ukarimu wao, ndugu hao walimpa dada yao kipande cha chini, chenye mawe na udongo mweusi mwembamba, ambacho hakuna aliyewahi kukilima kwa sababu hakuna aliyekitaka. Chini zaidi, kando ya kijito, Baba Mkubwa alikuwa na bustani ya kabichi, na hiyo ndiyo iliyompa sauti kubwa kijijini.

Kaka hao walilima kwa matuta yaliyoshuka moja kwa moja toka juu hadi chini, maana ndivyo mgongo unavyoumia kidogo. Baada ya mavuno walichoma mabua yote, shamba likabaki tupu, na utupu huo wakauita usafi. Shangazi alimsikiliza bwana shamba, ambaye kaka zake walikuwa wamekwisha kumcheka. Akachimba mitaro ya kukingama mteremko, akatupa udongo upande wa juu, akapanda majani ya guatemala kwenye kingo. Mbuzi wake aliwafunga bandani, akawakatia majani hayohayo, na samadi yao akairudisha shambani. Mabua aliyalaza ardhini yaoze.

"Hiyo ni kazi ya wafungwa," Baba Mkubwa alimwambia siku moja mbele yangu. "Nani amekuhukumu, Elina?"

"Mawe uliyonipa, kaka."

Mwaka wa nne mahindi yake yaliyapita ya kaka zake kwa kimo, na hapo ndipo akili za wanaume wale zilipoamka. Watu waliobatizwa, wanaojua kusoma, waliketi wakakubaliana kwamba dada yao ana chuma ulete. Mjini chuma ulete huvuta fedha kutoka kwenye droo ya muuza duka. Ya Shangazi, ikaamuliwa, huvuta udongo.

Nataka kumtendea haki Baba Mkubwa, ingawa yeye hakumtendea mtu. Madai yake yalikuwa na msingi. Alichota konzi ya udongo kwa Shangazi akaueneza kiganjani, nao ulikuwa mwekundu kama wa shamba lake. Kila msimu shamba lake lilikonda na la dada yake likanona. Kwamba udongo ulikuwa umehama, hilo halina ubishi. Lilibaki jambo moja tu ambalo halihitaji elimu: kusimama shambani mwake wakati wa mvua na kutazama miguuni. Hakwenda. Mvua iliponyesha alikaa jikoni, akiota moto na kuwaogopa wachawi.

Ushahidi wangu niliupata asubuhi moja baada ya mvua, nilipotumwa kurudisha ungo. Nilimkuta Shangazi ndani ya mtaro, tope hadi magotini, akizoa udongo uliojaa humo na kuupeleka kwa kikapu kwenye migomba.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mama. Weka ungo, shika upande huu." Tulikibeba kikapu pamoja. Alikuwa anacheka. "Huyu ni mgeni kutoka kwa baba yako mkubwa. Ameshuka mwenyewe bila kuitwa. Unadhani tumrudishe?"

Nilifanya safari mbili. Mchana, wakati wa kula, nikasema nyumbani kwamba Shangazi ana udongo mwekundu anaubeba kwa kikapu. Baba yangu aliacha kutafuna. Sikuwahi kusikilizwa kiasi kile na watu wazima, na nakiri kwamba niliona fahari.

Wakaleta mganga kutoka tambarare. Alikuja na mkoba wa ngozi na viatu vilivyong'arishwa, ambavyo alivilinda sana na tope. Mtu aliyeitwa kutibu ardhi hakutaka kuikanyaga. Aliketi kwenye kiti chetu kizuri, uani, majirani wakiwa wamejaa ukutani, na kabla ya lolote akatangaza kanuni yake: anayejua njia za mchawi, naye ameshafundishwa uchawi. Kisha akaniita.

"Ulimwona shangazi yako akibeba nini?"

"Udongo."

"Mwekundu?"

"Ndiyo."

"Na shamba lake, tangu zamani, udongo wake ni mweusi?"

"Ndiyo."

"Mmesikia," akawaambia majirani.

Leo ningeyapinga maswali yale yote, kwa kuwa jibu lilikuwa ndani ya kila swali. Lakini majibu yangu yalikuwa ya kweli, na kama ningeishia hapo ningekuwa na cha kujitetea. Shangazi, ambaye hakuna aliyempa nafasi ya kusema, ndiye aliyenigeukia. Alikuwa na swali moja tu la dodoso, na sijasikia lililo bora zaidi katika chumba chochote cha mahakama.

"Mwanangu, niliutoa wapi?"

Nilijua. Aliutoa mtaroni mwake, ulikoletwa na maji. Nilikuwa nimekishika kikapu. Nikamtazama mganga, nikaikumbuka kanuni yake, nikamtazama baba yangu, naye akatazama chini.

"Sijui, Shangazi."

Hakukasirika. Alisema "haya", akaketi.

Baba Mkubwa akaitamka hukumu kwa Kishambaa, maana kwa Kiswahili isingetisha vya kutosha: dada yake ameitenda *kubana shi*, ameiharibu nchi. Guatemala ing'olewe na mitaro ifukiwe, ili udongo ufunguliwe njia urudi kwa wenyewe. Wanaume wazima zaidi ya kumi walikuwa pale uani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza udongo utaupandaje mlima.

Kazi hiyo iliwachukua kaka wale siku mbili. Ndiyo mara pekee nilipowaona wakilima kwa kukingama mteremko. Shangazi aliwatazama akiwa mlangoni kwake.

"Kaka, nimekuwa nikiuzuia udongo huo usifike kwenye kabichi zako," akasema. "Masika yakija, usiniite."

Masika yakaja. Siku ya tatu ya mvua, wakati wa mchana, watu wote wakiona, shamba la juu lilimwagika kwenye la katikati, yote mawili yakapita kwa Shangazi bila kukuta kizuizi, yakaenda kulala juu ya bustani ya Baba Mkubwa. Kabichi hazikuonekana tena. Kijito kilikuwa na rangi ya damu kwa wiki nzima, na tulilazimika kuyaacha maji ya ndoo yatulie kabla ya kupikia.

Ungefikiri hapo wangeelewa. Walielewa kwamba alikuwa ametabiri, na kwamba mtu hawezi kutabiri jambo ambalo hakulituma. Mahindi yake yaliponawiri alikuwa mchawi, na kabichi za kaka yake zilipofukiwa alikuwa mchawi zaidi. Madai ambayo kila tukio linayathibitisha hayana thamani ya ushahidi, lakini kijijini kwetu ndiyo yaliyoheshimiwa kuliko yote. Shangazi alifunga mizigo yake akaenda Bulwa, ng'ambo ya pili ya milima, kuchuma chai. Kipande chake kikachukuliwa na Baba Mkubwa. Mganga alikuwa amesharudi tambarare, na viatu vyake safi.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani nikakuta magari mawili chini ya mteremko. Wageni wa mradi wa kilimo endelevu walikuwa wameletwa kumwona mkulima wa mfano. Baba Mkubwa, mzee sasa, alisimama kwa fimbo kwenye kipande kilekile cha chini, kati ya kingo za guatemala zilizopandwa palepale zilipong'olewa, akieleza. Mtaro hupunguza mbio za maji. Mizizi hushika udongo. Majani hulisha mifugo, na samadi hurudi shambani. Alieleza vizuri, nikiri hivyo. Mgeni mmoja akamuuliza alijifunza wapi.

"Haya tunayo sisi wenyewe tangu zamani," akasema.

"Shikamoo, Baba Mkubwa," nikasema. "Majani haya yanashika udongo wa nani?"

Alinitambua. "Huyu ni binti yetu, mwanasheria," akawaambia wageni. "Wanapenda maswali." Wakacheka wote, wakapanda kwenda kutazama shamba la juu, ambalo sasa lina mitaro pia.

Njia anayowafundisha ni sahihi. Bila mitaro ile milima yetu itaishia kwenye mito, na sijali sana imetoka kinywani mwa nani. Ninachokidharau ni kinywa chenyewe. Lakini nilipokuwa nimesimama pale nikihesabu makosa yake, niliona kwamba yeye alidanganya kwa sababu ya shamba, na mimi nilidanganya bila kupata hata shamba.

Kwa hiyo nilikwenda Bulwa. Shangazi anaishi kwenye nyumba ndogo nyuma ya mashamba ya chai, na mteremko wake una kingo tatu za guatemala. Nilimwamkia, nikaketi, na kabla chai haijamiminwa nikamwambia: "Shangazi, uliutoa mtaroni."

Alifikiri kidogo, kisha akakumbuka. "Na jibu hili umelitafuta miaka yote hii?"

"Hapana. Nilikuwa nalo siku ile."

"Najua. Ulikuwa umeshika kikapu." Akanimiminia chai, akanitazama nikinywa. Nilipomaliza akasema, "Mtaro wa juu umejaa tangu mvua ya juzi. Kikapu kiko nyuma ya mlango."

Nilivua viatu. Nilibeba peke yangu hadi jua likaegemea magharibi, naye akinionyesha kwa mkono mgomba wa kumwagia. Udongo ulikuwa mwekundu, mzito, na si wake. Nilitazama juu kwa jirani nikaona ulikopita.