Mlango Uliombeba Mama Tabby

Muturi hakuzaliwa mtu wa maji. Kwao ni Kuresoi, kwenye viazi na ukungu, ambako maji mengi mtu huyaona ndani ya karai. Aliteremka Naivasha kukata maua, akapanga chumba karibu na ziwa, na mama yake, Tabby, alipovunjika nyonga akamleta amtunze. Kuogelea hakuwahi kujifunza. Angejifunzia wapi, kwenye mtaro wa shamba?

Mwanzoni ziwa lilipanda kwa adabu, likiishia mlangoni. Kisha asubuhi moja likaingia lote. Majirani walishahama, mashua za uokoaji zilikuwa mtaa wa pili zikitoa watu, na kila alipopiga simu aliambiwa, "Tunakuja, boss." Mama alikuwa amelazwa juu ya meza, na maji yalikuwa yamebakisha kidogo tu yaufikie ubao. Muturi akaona wakikaa pale mama atakufa huku akimtazama.

Aliung'oa mlango bila kufikiri mara mbili. Chini yake akafunga mitungi yote ya plastiki aliyoipata kwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga. Hilo alilijua: mtungi mtupu huchukua nafasi ya maji mengi na wenyewe ni mwepesi, kwa hiyo maji huusukuma juu. Vifuniko vingi vilikuwa vimepotea. Akaziba kama wanavyoziba kwao, kwa magunzi ya mahindi ambayo mama aliyaweka ya kuwashia jiko. Kuresoi maji ya mtoni hufika nyumbani hivyo mgongoni mwa punda, wala hayamwagiki.

Lakini punda hubeba mtungi ukiwa umesimama, mdomo juu. Hapa mitungi ilikuwa imelala, midomo ndani ya ziwa, na gunzi likishiba maji hulegea.

Walikuwa mbali na nyumba, mama amelazwa juu ya mlango na Muturi amekaa upande wa kichwa chake akipiga kasia kwa kipande cha ubao, mapovu yalipoanza kutoka chini.

"Muturi, mgongo wangu umelowa."

"Shikilia tu, mathe."

Akaelewa. Hewa ilikuwa ikitoka na maji yakiingia, na mtungi uliojaa maji haubebi mtu. Mzigo ulipaswa kupungua, na mzigo wa kupunguzwa ulikuwa yeye. Aliogopa, tena kuogopa kwa aibu, mpaka mkojo ukamtoka. Kisha akateleza taratibu akaingia ziwani, mikono imeng'ang'ania ukingo.

Mlango ukainuka. Mtu aliyezama hadi shingoni anabebwa na maji, uzito wake karibu wote hauko tena juu ya ubao. Ila miguu ya Muturi haikugusa kitu. Akapapasa chini, akakuta midomo miwili ambayo magunzi yake yalikuwa yakitoka, akasokomeza humo vidole gumba vyake. Mapovu yakakoma. Mikono yote miwili ikawa imefungwa pale, na miguu yake haikujua kuogelea.

"Muturi, uko wapi?"

"Niko hapa nyuma, mathe. Nasukuma."

"Sukuma basi, baridi inaniua."

"Nasukuma."

Hakuwa akisukuma. Mlango ulikuwa umesimama palepale, na yeye alikuwa akilia kimyakimya ili mama asisikie. Alimwomba Mungu, kisha akamlaumu, kisha akamwomba tena. Mashua ilipofika, midomo ya Muturi ilikuwa haina hisia kwa baridi. Wakamwinua mama kwanza.

"Achilia sasa, boss. Mathe yuko salama."

"Siachilii," akasema.

Ilibidi wamshike mikono wavitoe vile vidole. Mapovu yakapanda kwa kishindo, na upande ule wa mlango, pale kichwa cha mama kilipokuwa kimelala, ukaenda chini.

Mama aliuona ukizama. Alivishika vidole viwili vya mwanawe vilivyochubuka, akavibana kifuani mwake, na mashua ilipogusa nchi kavu bado alikuwa hajaviachilia.