Ngata ya Guyo

Siku ile tulikuwa watano: mimi Amina; wadogo zangu wawili, Guyo wa miaka tisa na Rukia wa sita; Lokwang, rafiki wa Guyo, asiyejua kufunga mdomo, na Mzee Duba, aliyekodisha baiskeli tatu nje ya nyumba yake mtaani kwetu Kiwanjani. Zaidi yetu walikuwepo watoto wa mtaa wakingoja zamu. Nikifumba macho nanusa kwanza gundi ya Mzee ya kuzibia viraka, imechanganyika na vumbi la mchana na moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa ya ngamia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mama na baba walikuwa wameshatangulia, nami niliacha shule darasa la sita ili niwachotee maji kwa malipo watu wa mtaa wa Wabera.

Baiskeli zenyewe zilikuwa za watu wazima. Watoto hawakufikia kiti, kwa hiyo walipenyeza mguu mmoja chini ya mtalimbo, lile bomba la juu la fremu, na kuendesha wamejipinda kama wanaochungulia dirishani. Hivyo ndivyo walivyoteremka barabara ya Meru, breki ikiwa nyayo zao. Kofia ya baiskeli hatukuwahi kuiona. Lakini mimi niliwahi kuteleza na debe kichwani, nikaangukia jiwe, na ngata, ule mviringo wa nguo tunaotuliza mzigo juu yake, ikanikinga. Basi nikachana leso kuukuu ya mama, nikaijaza katani, nikamshonea Guyo ngata pana iliyoshuka mpaka masikioni, na kamba ya kufunga kidevuni.

"Dada, hii ni ya wanawake," alilalamika.

"Na kichwa ni cha nani?"

Lokwang alipoiona alikaa chini kwa kucheka. "Guyo! Debe iko wapi? Leta mtungi mbili kwa mama yangu!"

Mzee Duba hakucheka. Aliigeuza ngata, akaibonyeza kwa kidole gumba, kisha akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtoto atakayepanda baiskeli yake bila kuivaa. Wakanung'unika. "Hapa ni mimi serikali," akasema. Hivyo ngata moja ikazunguka vichwa vyote vya Kiwanjani, ikalowa jasho la kila kabila, na Lokwang mwenyewe akawa wa kwanza kuigombania.

Halafu ikaja siku ile ninayoisema. Nilikuwa natoka mtoni, Rukia akinifuata, nikamwona Guyo amelala kando ya barabara, damu imemshuka shavuni, kichwa kitupu. Mzee Duba alikuwa amepiga magoti, anamkandamiza kwa kilemba chake. Nililitupa debe. Sikuuliza kitu. Mbele ya watoto wote nilipiga kelele: "Angekuwa mtoto wako ungemwachilia hivi, kichwa kitupu? Umeona ni yatima, hana mwenyewe!"

Kwetu, hakuna neno zito zaidi la kumwambia mtu mzima. Mzee alikaza kilemba juu ya jeraha. Alimbeba Guyo mikononi mpaka hospitali, mimi nyuma yake nikiendelea kumtukana.

Daktari alishona nyuzi nne juu ya nyusi, akasema mfupa ni mzima. Guyo alipozinduka aliulizia ngata yake. Kumbe alikuwa ameivaa. Mzee aliifungua kwa sababu kamba ilikuwa inamkaba, akaitia mfukoni mwa koti. Jioni alimpa Rukia aniletee: upande mmoja umepasuka, changarawe zimezama ndani ya katani, mahali ambapo pangekuwa kisogo cha ndugu yangu.

Nilimtuma Rukia ampelekee Mzee maziwa. Mwenyewe nilianza kuzunguka njia nyingine ili nisipite kwake. Nilijiambia nitakwenda kumwomba radhi Ijumaa, kisha baada ya Idi, mpaka Mzee akahamia Merti kwa mwanawe, na huko akafariki.

Leo bodaboda hapa mjini zinapita na watoto watatu nyuma, kofia ngumu ya dereva ikining'inia kwenye kiwiko. Sheria ipo, kofia zipo madukani, na Guyo ana wajukuu. Nimekwenda Merti, nikaonyeshwa kaburi, nikaomba dua. Lakini Mzee nilimvunjia heshima mbele ya watoto, na msamaha ulipaswa kuombwa mbele ya watoto walewale, naye akisikia. Deni hilo bado sijalilipa.