Orodha ya Nyumba Kumi

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule, nimekosa nafasi ya ualimu, na sikuweza kutulia mahali pamoja. Nikikaa barazani nilitaka kwenda sokoni. Nikifika sokoni nilitaka kurudi. Mama alisema nitamaliza kandambili za ukoo mzima. Kwa hiyo balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mstaafu wa reli ambaye macho yake hayakuziona tena herufi, aliponiomba nimwandikie orodha ya watu wake, nilikubali kabla hajamaliza kuomba.

Mtaa wetu ulikuwa nyuma ya reli, hapo Tabora mjini. Wengi wetu babu zetu walifika na misafara wakiwa na mizigo kichwani, wengine walishuka wenyewe kwenye gari moshi, na wote walisema wapo kwa muda tu. Karatasi ya balozi ilitaka kabila, dini na kazi ya kila mtu. Nyumba ya kwanza peke yake ilinitoa jasho. Baba Mmanyema, mama Mnyamwezi, watoto wakasema wao ni watu wa Tabora basi, na bibi yao akasema karatasi za namna hiyo zilikuwa za Mwingereza na yeye hajibu. Nyumba ya tatu alikaa Muha wa reli, Mkatoliki, na mkewe Mmoraviani. Kila Jumapili walitoka wameongozana hadi njia panda, kila mmoja akashika njia yake. Kwenye duka la kona nilimuuliza Mhindi wetu niandike kabila gani. Alipanga upya miche ya sabuni iliyokuwa imeshapangwa, kisha akasema, "Andika mfanyabiashara." Nikaandika hivyo hivyo, nikapita.

Kila mtu alijua safu yenye meno ni ile ya kazi. Redio ilikuwa ikihimiza watu kwenda vijijini kulima, na tulikwisha kusikia kwamba mitaa mingine lori limekuja likazoa wasio na kazi, likawapeleka porini kwenye kijiji kipya. Kaka yangu alikuwa ameachishwa kupakia magunia stesheni miezi miwili nyuma. Nilipofika nyumba yetu, ya tano, niliandika: mpakiaji mizigo, stesheni. Nikapita nyumba ya sita.

Nyumba ya tisa ilikuwa na wapangaji wawili. Chumba cha mbele alikaa fundi viatu, Mnyamwezi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Chumba cha uani alikaa mama mmoja Mzaramo, mjane wa dereva wa gari moshi, aliyetuuzia vitumbua sote kila asubuhi. Hao walikuwa watani, na utani wa Mnyamwezi na Mzaramo haukuwa na likizo. Asubuhi hawakusalimiana mpaka wametukanana kwanza.

"Andika, binti," fundi alisema, misumari midomoni. "Huyu ni mtumwa wangu. Babu yangu alimkuta Pwani analia njaa, akamtupa juu ya mzigo. Hana kazi, hana ndugu, hana kwao. Lori likija aanze yeye."

Mama wa vitumbua alijifuta mikono kwenye khanga. "Andika hivyo hivyo, mwanangu. Babu yake alikuwa punda wa babu yangu, sasa punda amejifunza kusema. Sina kazi mimi, namtazama punda anavyoshona viatu."

Mtani hakasiriki wala hakani. Akikana ameshindwa, na yule mama hakuwa mtu wa kushindwa. Tulicheka wote watatu. Ili kuwafurahisha nikaandika kwa penseli: hana kazi, hana ndugu. Nilijiambia nitarekebisha nitakaponakili kwa wino. Lakini siku ya kunakili nilikuwa na hamu ya kwenda kutazama gari moshi la Kigoma likiingia, nikanakili mbio mbio bila kusoma ninachoandika. Balozi akapiga muhuri.

Lori lilikuja baada ya wiki tatu, asubuhi, na ofisa aliyeshika karatasi zangu. Alisoma jina la mama wa vitumbua. Watu walicheka wakidhani naye anatania.

Fundi alitoka na kiatu cha mtu mkononi. "Mzee, huo ulikuwa utani. Mimi ndiye niliyesema. Mimi ni mtani wake."

"Hapa pameandikwa," ofisa alisema. "Nani aliandika?"

Nikajitokeza.

"Uliandika uongo?"

"Niliandika utani, shikamoo," nilisema, salamu ikiwa imekuja nyuma kwa woga.

Hakuitika. Alikunja orodha. "Basi haifai yote. Tunaanza upya nyumba ya kwanza, kila mtu na barua ya mwajiri wake."

Nilianza kuhesabu nyumba, ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, yetu. Mama wa vitumbua alinitazama, akatazama dirisha letu lililofungwa ilhali kumekucha, akanitazama tena. Alijua habari za kaka; mtaani nani hakujua nani anaondoka asubuhi na nani anabaki amelala?

"Baba, usimsumbue mtoto wa watu," alimwambia ofisa. "Kaandika sawasawa. Vitumbua siyo kazi, ni njaa tu."

"Mtani, kataa!" fundi alipiga kelele. "Leo kataa! Nimeshindwa mimi, nakubali, kataa!"

"Nikukatalie wewe?" alisema, akaingia ndani kufunga mzigo wake.

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Ningeweza kusema hata alipokuwa anainuliwa kupanda lori. Ningeweza kusema hata lilipowashwa. Nilisimama pale pale, mimi niliyekuwa siwezi kusimama mahali pamoja, mpaka vumbi likatua.

Fundi alinigeukia. "Ulijua natania."

"Nilijua."

"Mbona umenyamaza?"

Nilimwonyesha dirisha letu kwa kidevu. Alitazama, akaelewa, akarudi kwenye viatu vyake. Hakunisemesha tena mpaka nilipoolewa nikahama.

Niliingia ndani. Kaka alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya mlango, magoti kifuani.

"Wamekwenda?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wamekwenda."

"Wamemchukua nani?"

Nikamtajia. Alikunja uso, akashangaa kweli.

"Yule? Lakini yule si ana kazi?"